Nyumba ya Magurudumu Yapandishwa Mizani

Ugomvi wa kwanza haukuwa wa bei. Mume, fundi bomba mstaafu mzaliwa wa Tanga, alikwisha kulichagua gari lake: nyumba ya magurudumu yenye uzito wa tani 4.25, kitanda cha kudumu, jiko na bafu. Mkewe, aliyefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini mjini Birmingham, aliuliza swali moja tu.

"Baba watoto, leseni yako inaliruhusu?"

Haikuliruhusu. Nchini Uingereza, aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya Januari 1, 1997 anaweza kuendesha gari la hadi tani 7.5. Aliyefaulu baada ya hapo mwisho wake kwa kawaida ni kilo 3,500, mpaka afanye mtihani mwingine. Mke alipata leseni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mume alimfuata Ulaya mwaka 1999. Gari lile lingekuwa la kuendeshwa na mama peke yake, naye akifikisha miaka 70 angetakiwa kupimwa na daktari ili aendelee.

Wakanunua la kilo 3,500, jipya, lililojengwa juu ya Fiat Ducato. Fedha zilizolipa ndizo zilizokuwa zimalizie nyumba yao ya Tanga, ambayo hadi leo haina milango. Mama alikubali kwa sharti: safari moja ndefu, kisha waamue kama linabaki au linauzwa. Wote wawili walijua kuwa gari jipya huanza kushuka thamani siku linapotoka dukani.

Muuzaji aliwaelekeza kwa saa mbili. Walipofika nyumbani walikuwa wanakumbuka nusu. Kwa busara ya mama, usiku wa kwanza walilala kwenye uwanja wa kambi usio mbali na nyumbani, ili wakisahau kitu warudi. Hapo ndipo walipojifunza kwamba friji ile inakula umeme wa kambi, betri au gesi, na kwamba mtu asipochagua kimoja maziwa yanaganda. Walijifunza pia kununua mtungi wa propani badala ya butani, kwa sababu butani hukataa kugeuka gesi baridi inapokaribia nyuzi sifuri.

Halafu mizani. Aliyepita Kibaha zamani aliijua mizani ya malori, lakini mume hakufikiri kwamba siku moja atapanga foleni na kitanda chake. Gari lilisoma kilo 3,590. Kuzidisha uzito ni kosa, na bima nayo inaweza kuleta maneno. Walishusha nini? Tangi lilikuwa na lita 100 za maji, na lita moja ni kilo moja; wakamwaga 80. Kilichobaki kilikuwa kinu cha mti na mchi wake, ambavyo mama alivipakia kimyakimya. Vilirudi nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi ilipona, kwa kuwa haikuonekana.

Safari yenyewe ilikuwa ya Scotland, barabara iitwayo North Coast 500, inayoanzia na kuishia Inverness baada ya maili 516, kama kilomita 830. Sehemu nyingi ni njia ya gari moja tu, yenye vituo vya kupishana. Anayefika kwanza kwenye kituo humngoja mwenzake, wakapungiana mkono. Mwenye gari kubwa akiona foleni nyuma yake huingia pembeni awapishe. Mume alichelewa kulizoea hilo. Aliona kupisha ni kushindwa.

Kulala nako kuna sheria zake. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita na kupiga hema mashambani, lakini haki hiyo haiwahusu wenye magari. Wao walilala kambini, ambako kuna pia mahali pa kumwagia chombo cha choo. Kazi hiyo ilimwangukia mume bila mjadala. Mama alisema ndiyo fani yake.

Pale Tornapress kuna kibao kinachowaonya wenye magari makubwa wasipande Bealach na Bà, njia ya kona kali inayofika mita 626 juu ya bahari. Mume alisimamisha gari akakisoma mara mbili. "Tunaweza," alisema. Mkewe alinyoosha mkono, akaomba ufunguo.

Aliendesha yeye, akipitia Shieldaig kwa barabara ya pwani, ndefu zaidi lakini salama. Kila kituo alipisha, kila dereva alimpungia. Walifika Applecross jua likiwa bado juu, vijidudu vidogo kuliko mbu vikawapokea, wakafunga madirisha na kukuna nazi ndani.

Wakati wali unaiva, mume aliuliza kama gari linabaki. Mama alisema milango ya Tanga inaweza kuanza na wa mbele tu, mwaka huu.