Kabla hujanunua WRX na pesa ya karo

Wasee, juzi nimepata meseji moja inboksi imenikalia kwa roho. Kijana wa miaka 19 ameniandikia: "Bro, nina laki nane. Laki tatu ni ya karo. Kuna WRX safi inauzwa laki saba unusu. Nichukue?"

Meseji kama hizo hukuja kila wiki na huwa najibu na emoji ya moto, basi, naendelea na maisha. Huyu nimeshindwa kumjibu hivyo. Miaka miwili iliyopita nilikuwa yeye, hadi bei ni ile ile. Kwa hivyo namjibu hapa, na nyinyi wengine pia msome.

Kwanza sitajifanya mtakatifu. Hii gari naipenda. Nimekua nikiisikia kabla sijaiona, ile mngurumo wa kukatakata unaokuja kutoka mbali ukiwa umelala, unajua tu hiyo ni Subaru. Watu hudhani ni bomba la moshi limetobolewa. Ukweli ni kwamba silinda za injini zimelala ubavu, mbili kushoto mbili kulia, na kwa hizi za zamani mabomba yanayotoa moshi kwa injini hayana urefu sawa. Moshi haufiki kwa mpangilio, ndio unaskia ile dundo.

Halafu kuna rali. Kwetu Subaru iliingia kwa hadithi za babangu. Mwaka wa 1993 kampuni ilileta Safari Rally kagari kadogo ka Vivio, injini ya sisi 660, kadogo kuliko injini ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae alikuwa nako kamoja, akaenda mbio, kakamfia njiani. Patrick Njiru wetu alikuwa na kengine, akakatunza mpaka mwisho, akamaliza wa 12. Miaka miwili baadaye McRae akawa bingwa wa dunia ndani ya Impreza, na 1997 akarudi akashinda Safari yenyewe. Babangu alikuwa anapenda kumaliza na Njiru. Mimi nilikuwa napenda kumaliza na McRae. Mkumbuke hiyo.

Sasa, yangu ni Impreza WRX ya 2005, gia ya mkono, turbo, namba ya KB. Nililipa 750,000. Nusu ilikuwa pesa ya kontenti. Nusu nyingine ilikuwa pesa ambayo mathe alijua nitarudi nayo kampasi, kwa sababu niliacha mwaka wa pili na tulikuwa tumekubaliana nitamaliza. Nilimwambia gari itazaa pesa, nitapiga video, karo itarudi mara mbili. Mathe hakunigombanisha. Alisema tu, "Sawa, ni pesa yako," na akaenda kupika. Afadhali angenigombanisha.

Siku ya kuiona nilienda jioni, na sikwenda na fundi. Nilipofika Ruiru injini ilikuwa tayari ina joto. Jamaa akasema alikuwa ametoka dukani nayo. Nikaona poa. Leo najua: Subaru ya turbo unaiangalia asubuhi, ikiwa baridi kabisa, bonneti ukiiwekea mkono mwenyewe kabla haijawashwa. Ikiwaka unaskiza kama kuna kitu kinagonga ndani, na mtu mwingine anasimama nyuma kuangalia moshi. Ukiwa wa buluu, hiyo injini inakunywa oili. Baada ya hapo fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Mimi nilipima spidi. Alinipa ufunguo, nikakanyaga Thika Road, turbo ikaamka, mgongo ukashika kiti, na biashara ikaisha hapo. Sikuuliza hata belti ya taiming ilibadilishwa lini, na kwa hii injini ni kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu na pistoni zinagongana, unabaki na chuma.

Hesabu ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo hii, na sijaongeza kitu. Belti ya taiming na pampu ya maji, 48,000. Klachi, 52,000. Shokabu za mbele na bushi, 40,000. Rejeta, 18,000. Jumla 158,000, spea za Kirinyaga Road na fundi mwaminifu, si za dukani zikiwa kwa boksi. Kwa jam ya Nairobi inanipa kilomita saba kwa lita, na hiyo ni siku nimetulia. Iliundwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, kwa hivyo siwezi kuingia tu pampu yoyote nikaweka yoyote. Oili naangalia kila nikijaza tangi mara mbili, kwa sababu ikishuka hakuna taa itakuambia mapema. Ukiona taa ya oili imewaka, umechelewa.

Bei ya kununua ni kama nauli ya kupanda mat. Kuna nauli ingine ya kushuka, na makanga hakukuambia.

Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimesota. Na hapo ndipo nilifanya ujinga ambao nataka huyu kijana ausome mara mbili. Tairi zilikuwa zimeisha zote nne. Nikanunua mbili tu, za mkono wa pili, zenye meno mazuri, nikaweka mbele. Za nyuma nikaacha zile zile, karibu upara. Nilijiambia: si hii inasukuma magurudumu yote manne? Mbele ikishika, nyuma itafuata.

Fundi wangu aliniona nazo akatikisa kichwa. Akaniambia, "Kijana, hii si Vitz." Akanieleza. Katikati ya gia kuna kifaa kinachogawanya nguvu kati ya mbele na nyuma. Ndani kina sahani na maji mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa spidi tofauti, yale maji yanapata joto, yanakaza, nguvu inaenda kwa gurudumu lenye kushika. Inafanya hivyo peke yake, bila kompyuta. Lakini ukiweka tairi mpya mbele na zilizoisha nyuma, za nyuma ni ndogo kidogo, kwa hivyo zinazunguka haraka zaidi kila mita ya barabara. Kile kifaa kinadhani unateleza saa zote. Kinachemka mpaka kinakufa. Utajua kimeanza kwenda ukikata kona ya kuegesha na gari inashikilia kama umesahau hendibreki. Nikamwambia, "Sawa fundi, mwisho wa mwezi." Yangu ilianza kushikilia baada ya wiki sita.

Kabla ya huo mwisho wa mwezi, rali ikafika Naivasha. Tangu Safari irudi kwa ubingwa wa dunia 2021, kukosa kwenda ni kama kukosa Krismasi, na kwa mtu wa kontenti ya magari ni mbaya zaidi. Nikaenda na ndugu yangu mdogo. Yuko kidato cha nne, miaka 17, kazi yake ilikuwa kushika simu na kurekodi.

Kurudi ilikuwa usiku. Mnajua vile Kimende na Uplands hukaa wakati huo wa mwaka, ukungu, baridi, mvua ile nyembamba isiyokwisha. Tulikuwa tunashuka kuelekea Limuru, mimi niko 110, ndugu yangu anarekodi dashibodi, anacheka, ananiambia, "Bro, ongeza kidogo." Nikaongeza. Gari ilikuwa imeshika barabara vizuri mno, na hapo ndipo huwa inakudanganya. Magurudumu manne yakisukuma pamoja hauskii utelezi wowote ukiongeza moto. Unadhani barabara ni kavu.

Kona ikaja, taa za lori zikatokea upande ule mwingine, nikakanyaga breki.

Nyuma ikaniacha. Zile tairi za upara zilipanda juu ya maji, matako ya gari yakaanza kuja mbele. Niliona taa za lori kupitia dirisha la ndugu yangu. Si kioo cha mbele, dirisha lake. Sijui nilifanya nini na usukani, na mtu yeyote akiniambia ni kipaji atakuwa anadanganya. Lori lilipiga honi likapita. Sisi tulisimama kwa majani, tumeangalia tulikotoka. Kulikuwa kimya, wiper tu zinaenda.

Halafu nikacheka. Sijui kwa nini. Nilicheka kwa sauti na nikasema, "Umeona hiyo?"

Hakujibu. Tulipofika petroli stesheni ya Limuru ndiyo akaongea. Akasema, "Usimwambie mathe." Basi.

Video sikuweka popote. Nilijua kabisa ingetembea, pengine kuliko yote niliyowahi kuweka, na nikaifuta. Nilijiona mtu mzima sana. Wiki tatu baadaye nikaona simu ya ndugu yangu mezani, grupu ya darasa lao. Alikuwa amejitumia ile klipu kabla sijafuta. Sekunde 14. Ukungu, taa, gari inazunguka, halafu kicheko changu. Chini yake vijana wa kidato cha nne wameandika: huyu ni moto, nifunze hiyo, buda yangu ana Forester nitajaribu. Na ndugu yangu amewajibu kwa fahari: "Bro yangu huyo. Anaijua gari."

Sikujua gari. Nilikuwa na tairi mbili mbovu na bahati. Lakini kwa ile klipu huoni tairi. Unaskia kicheko tu, na kicheko kinasema ilikuwa mpango.

Kwa hivyo hii ndiyo jibu langu, bro. Magurudumu manne yanayosukuma yanakusaidia kuondoka. Kwa matope, kwa mlima, kwa changarawe, hakuna kama hiyo. Hayakusaidii kusimama. Kila gari, hata Probox ya kubeba mayai, inafunga breki na magurudumu manne, na kinachokushika chini ni tairi tu. Spidi ikiwa mara mbili, unahitaji barabara mara nne kusimama, na hiyo ni kukiwa kavu.

Na pesa yako ni vile vile. Una laki nane, gari ni laki saba unusu. Utaondoka vizuri sana. Utasimama na nini? Na elfu hamsini, ambayo ni klachi moja. Kwa hiyo gari, ikiwa huna angalau laki mbili zimekaa kando baada ya kulipa, bado hujaweza kuinunua. Ukiwa nazo, chukua fundi wako, enda asubuhi, thibitisha logbuku kwa NTSA kabla hujatoa shilingi, na uinamie tairi. Zikiwa nne za aina moja, zimeisha sawa, huyo mwenye gari alikuwa anaitunza. Zikiwa mchanganyiko, rudi nyumbani. Ulikuwa unaangalia gari yangu.

Ile laki tatu ya karo usiiguse. Si lazima unisikize kwa shule, najua mimi ni nani wa kukuambia. Lakini tangu ninunue hii gari mathe hajawahi kupanda. Nikimwambia nimpeleke kanisa anasema mat iko karibu.

Bado ninayo. Nililipa kifaa cha katikati, nikanunua tairi nne mpya za aina moja kwa mara moja, nikala ugali na sukuma miezi miwili. Kwa grupu ya ndugu yangu niliomba aniweke dakika tano, nikawaandikia ukweli wote wa ile klipu, hadi tairi. Wengine walicheka. Mmoja alitaka kujua tairi nne ni pesa ngapi, nikamtumia risiti.

Mkiniona Limuru Road kwa leni ya kushoto, mvua inanyesha, Probox inanipita, nipigieni tu honi. Ni mimi, na niko sawa.