Betri za Baba

Katikati ya miaka ya 1980 baba aliugua kifua kikuu. Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huo tangu 1977, mpango ambao Dkt. Karel Styblo alishiriki kuujenga na nchi nyingine zikaja kuuiga, kwa hiyo dawa zilifika hata kwetu Ikolo, wilayani Kyela. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alidungwa sindano ya streptomisini kila siku, kisha akaendelea na vidonge. Baba akapona, na wauguzi wale nawaombea heri mpaka leo. Lakini streptomisini huweza kudhuru sikio la ndani, sehemu inayosikia na ile inayotunza mizani ya mwili, na kilichoharibika huko hakirudi. Alianza kuyumba gizani kwenye kingo za majaruba, watu wakadhani kanywa. Baadaye sauti zikaanza kumpotea, zile nyembamba kwanza.

Hizo sauti nyembamba ndizo zilizotuvurugia nyumba. Wazee wenzake wakinguruma barazani aliwasikia. Mama akimwita kula hakumsikia, wala sisi watoto. Mama aliumia, akiamini anadharauliwa. Hatukujua kwamba sauti za s, f na t ndizo hutangulia kufifia, mtu akabaki na maneno yaliyomegwa. "Nasikia mnaongea, ila sielewi mnasema nini," alikuwa akituambia, nasi tulipandisha sauti tu, jambo lisilomsaidia.

Shime sikio lake la kwanza, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, lilikuja kupitia kanisani: kisanduku cha kuweka mfuko wa shati, na waya uliopanda hadi sikioni. Kilikuza kila kitu kwa pamoja. Shati likikisugua alishtuka, na mvua zetu za Aprili zikipiga bati alikizima akakaa kimya mpaka zipite. Hata hivyo alirudi kwenye vikao vya ukoo na msibani, akachangia maneno kama zamani. Kilitumia betri ndogo za redio, na hakuna duka Ikolo lililokosa betri za redio. Waya ulipokatika, fundi redio wa Kyela mjini aliulehemu siku hiyo hiyo. Miaka mingi kisanduku kile kiliishi kwa ufundi na bidhaa zilizokuwapo hapo hapo.

Kifaa cha pili alipewa Dar es Salaam miaka ya 2000, alipokwenda kwa kaka. Kilikuwa cha kukaa nyuma ya sikio, kizuri, tena bure. Tulisherehekea. Betri zake zilikuwa kama vifungo vya shati: ukibandua kijikaratasi chake hewa inaingia, na kuanzia hapo betri inakwisha hata kifaa kikiwa kimezimwa, ndani ya wiki moja au mbili. Kyela hazikuwepo. Mbeya tuliulizia duka hadi duka tukakosa. Kaka alituma pakiti kwa basi, nyingine zikafika muda wake umeshapita. Juu ya hilo kulikuwa na unyevu wa ziwa lililo karibu nasi na jasho la shambani. Mama alikilaza usiku ndani ya kopo, kimefungwa kitambaa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Mwishowe kikalala kabatini moja kwa moja. Mimi nasema kifaa kile cha bure kilitugharimu kuliko cha waya, maana kilimrudisha baba kwenye ukimya akiwa ameshaonja kusikia.

Katikati ya hapo jirani alinunua kikuza sauti cha bei ndogo mnadani. Kilipiga mluzi kutwa. Vifaa vya namna hiyo hupandisha kila sauti bila kujali mtu amepoteza zipi, na vikipandisha mno vinaweza kuharibu hata usikivu uliobaki. Hatukumnunulia baba.

Nilianza kufuatilia mambo haya. Nikasoma habari za Otse, Botswana, ambako viziwi wenyewe walikuwa wakiunda vifaa vya kusikia vyenye betri zinazochajiwa kwa jua. Nikasikia kwamba hospitali ya Muhimbili mwaka 2017 ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliokuwa wakipelekwa India. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya usikivu. Marekani nayo mwaka 2022 iliruhusu watu wazima wenye upungufu wa kiasi kununua shime sikio dukani bila cheti cha daktari, na ushindani ukaongezeka. Hatukufaidika na ruhusa hiyo moja kwa moja, ila vifaa vya kuchajiwa vikazidi kuonekana, hata kwetu.

Kilichotuwezesha sisi kuvinunua ni kakao ya shambani kwetu. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na minada ya Kyela ikapanda nayo. Kwa fedha ya msimu ule tulimpeleka baba akapimwa kila sikio peke yake, akafinyangiwa kipande kinachojaza tundu la sikio lake, na vifaa viwili vikarekebishwa kuongeza zile sauti nyembamba tu. Usiku vinachajiwa; umeme ukikatika kuna paneli ya sola. Jioni ya kwanza mama alimsemesha kwa sauti yake ya kawaida, akajibiwa. Wakaongea mpaka sisi tukaenda kulala.

Wagonjwa wapya wa kifua kikuu siku hizi hupewa vidonge, hawaanzi kwa sindano ile. Wazee waliodungwa zamani hizo bado wapo vijijini, na kakao imeshashuka bei. Tena betri iliyo ndani ya vifaa vya baba nayo itachoka baada ya miaka michache, na kuibadilisha lazima virudishwe vilikonunuliwa. Kwa ajili ya betri hiyo mdogo wangu ametenga mikakao ya nyuma ya nyumba. Mauzo yake hayaguswi kwa ada wala kwa harusi.