Kuaga Rafiki ni Deni

Watu wengi hudhani kwamba siku iliyo nzito katika safari ni ile ya kuondoka kwenu kwenda ugenini. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa miaka sita katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, nikaona kuna siku nyingine nzito kuliko hiyo, nayo ni siku ya kuwaaga watu wa ugenini waliokwisha kuwa wako.

Nilifika huko mwezi wa Septemba, 2015, kusoma elimu ya kilimo, na baadaye nikapata kazi. Sitawachosha kwa habari za baridi. Yatosha kusema kwamba mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa 10 jioni, na mwezi wa Juni hutua kama saa 4 usiku. Tena kila siku saa 7 mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga hupigwa katika ngome ya mji, desturi iliyoanza mwaka 1861. Mwaka wa kwanza mzinga ule ulinishtua. Mwaka wa sita nilikuwa nikitengeneza saa yangu kwa mlio wake. Hivyo ndivyo ugeni umalizikavyo, pasipo mwenyewe kutambua.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Alikodi kishamba cha halmashauri ya mji, akalima viazi. Aliposikia kwamba kwetu Nyandarua nasi twalima viazi, urafiki ukaanza. Jumamosi nyingi tulipalilia pamoja, tukibishana juu ya mbolea. Mwezi wa Machi, 2020, serikali ya Uingereza ilipoamuru watu wakae majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mimi ndiye niliyemnunulia mkate na maziwa, nikaviweka mlangoni pake, tukazungumza kwa mbali, yeye dirishani na mimi barabarani.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule nikaletewa habari kwamba nyanya yangu, mama yake baba, aliyenilea tangu utotoni, amefariki. Safari za ndege za abiria kuingia Kenya zilikuwa zimesimamishwa, basi sikuweza kwenda kumzika. Lakini lililoniuma zaidi halikuwa hilo. Siku niliyoondoka nyumbani, gari lilikuja alfajiri naye amelala. Nikasema moyoni, "Nimwache apumzike; nitamwona nikirudi." Kumbe sikuwa nikimhurumia yeye, bali nilikuwa nikiyakimbia machozi yake.

Ilipofika Septemba, 2021, wakati wa kurudi, moyo ulinishauri nifanye vile vile. Nikamwandikia yule mzee barua, nia yangu niipenyeze chini ya mlango wake usiku. Halafu nikamkumbuka nyanya, nikaichana, nikaenda kubisha hodi.

Mzee akanipa chai. Nikamwambia, "Mzee, kesho naondoka, lakini nitarudi kukuona." Akanitazama sana, akasema, "Kijana, mimi nina miaka 83. Usiniahidi usilolimiliki. Niambie tu kwamba tulikaa vema."

Nikamwambia tulikaa vema. Nikamshukuru kwa kila jambo nililolikumbuka, moja moja, naye akanishukuru kwa ile mikate. Kisha akatoa mfuko wa viazi vya mbegu. Ikanibidi nimweleze kwamba sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuingiza mbegu pasipo kibali, kwa hofu ya magonjwa ya mimea. Akacheka, akaniletea badala yake uma wake wa bustani, ambao mpini wake ulikuwa umelainika kwa kiganja chake.

Katika miaka yangu yote kule sikupata kuona mgeni akisindikizwa. Watu waliagana mlangoni, mlango ukafungwa, nami moyoni niliwahesabu kuwa wakavu. Lakini asubuhi ile mzee alitwaa fimbo yake, akatembea nami polepole mpaka kituo cha basi. Zamani niliwahi kumweleza kwamba kwetu mgeni husindikizwa njiani, kumbe hakusahau.

Uma ule sasa uko shambani kwetu, na kazi yake naiona kila msimu. Nilipofika nyumbani nilisimama penye kaburi la nyanya, nikasema yale niliyopaswa kuyasema miaka sita nyuma. Lakini kaburi halimjibu mtu.

Wazee husema milima haikutani, binadamu hukutana. Ni kweli, ila si wote, wala si kila mara. Basi wewe unayejifungia mizigo, iwe ni safari ya ng'ambo au uhamisho wa kazi wilaya nyingine, usiondoke alfajiri kimya kimya. Amsha mtu wako, umpe mkono, umwambie asante. Machozi yake yatakauka. Deni la kutomwaga halikauki.