Darasa la Mwaka 1970

Jumamosi moja wazee wanne walikutana Tandale, katika nyumba ya mmoja wao iliyo karibu na mahali paitwapo kwa Mtogole, wakazungumza habari za ujana. Wote walikuwa madaktari waliokwisha kustaafu. Watatu wanaume, wa nne mwanamke, na hapana hata mmoja aliyekuwa chini ya miaka 70. Mwenye nyumba alizaliwa hapo hapo, akatumikia mikoa ya mbali, kisha akarudi uzeeni kukaa katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Wageni waliacha magari yao barabarani, kwa kuwa vichochoro vya Tandale havipitishi gari, wakaingia kwa miguu wakiruka mifereji kama walivyoiruka zamani, walakini kwa tahadhari kubwa zaidi.

Waliingia chuoni mwaka 1970. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na mwaka huo walioingia wao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kusimama peke yake. Mafunzo yalikuwa Muhimbili, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetamani udaktari hakuwa na budi kufunga safari ya Makerere. Mwalimu Nyerere alizoea kusimulia kuwa nchi ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari 12 tu. Si ajabu, basi, kama vijana wale walijihesabu kuwa hazina ya taifa, wakatembea kama hazina itembeavyo. Wenyewe waliungama kiburi hicho kwa kicheko.

Kila Jumapili walitoka Upanga kwa miguu, wakavuka bonde la Jangwani, wakapita Magomeni mpaka Tandale, kula chakula cha mama wa mwenzao. Wakati huo Tandale minazi ilikuwa mingi, na mvua za masika zilipokoma vyura waliimba usiku kucha. Wazee wale waliukumbuka wali wa nazi kuliko walivyokumbuka mihadhara. Mama hakumpa mtu sahani mpaka amesugua mikono kwa ndimu na majivu, maana harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti haikuondoka kwa sabuni. Aliwaita wote wanangu, na siku moja aliwauliza kwa upole, "Huyo mnayemkata, wanangu, ni mtoto wa nani?" Hapana aliyejua. Mmoja alijibu kwa mzaha, na mama hakucheka.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka, juu ya nani aliyezimia siku ya kwanza katika chumba cha kupasulia maiti. Bingwa wa upasuaji alimtaja daktari wa watoto. Daktari wa watoto akaapa kuwa alikuwa bingwa mwenyewe, tena alianguka juu ya ndoo. Mwanamke alisema walianguka wote wawili, na yeye ndiye aliyewapepea kwa daftari. Kumbukumbu za wanafunzi wa zamani aghalabu huwa hivi: kila mtu huleta shujaa mmoja, naye ni yeye.

Habari za miaka iliyofuata walizipita upesi. Walitaja mwaka 1977, sheria ilipozuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, na mwaka 1991, ziliporuhusiwa tena. Walitaja rafiki waliokwenda ng'ambo na rafiki waliokwenda kaburini. Kisha wakarudi katika chumba kile, kama ulimi urudivyo kwenye jino bovu.

Mwenye nyumba alikuwa amenyamaza muda mrefu. Ndipo aliposema kuwa swali la mama yake lilikuwa na jibu, na jibu alikuwa nalo yeye.

Siku zile Tandale ilikuwapo mtu aliyeuza maji kwa mzega, madebe mawili juu ya mti mmoja, mlango hadi mlango. Alitoka bara, hakuwa na jamaa mjini, na watu walimwita kwa kazi yake, Mzegamaji. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatika. Bega lake lilikuwa na sugu nene kama kisigino. Mwaka ule alitoweka, na watu wakadhani amerudi kwao. Mwezi wa tatu wa masomo, kitambaa kilipofunuliwa zaidi, mwanafunzi wa Tandale aliiona sugu, akautazama mkono. Uso ulikuwa umebadilika kwa dawa, usingeweza kushuhudia lolote.

Chuo hakikuwa na kosa. Duniani kote elimu ya viungo imejengwa juu ya miili ya watu wasio na wa kuwadai. Uingereza iliifanya sheria mwaka 1832, baada ya wauaji wawili wa Edinburgh kuua watu 16 na kumwuzia mwalimu wa tiba maiti zao. Sheria ile ililinda walio hai. Maskini waliokufa peke yao ilikuwa imewatoa.

Lakini Mzegamaji alikuwa na watu wa kumdai, lau wangejulishwa. Tandale ingemzika, ingechanga sanda na kumsalia. Neno moja lingetosha. Kijana aliogopa kukosea, akaogopa mtihani, akaogopa kuchekwa, na juu ya yote aliogopa kuonekana kuwa yeye ni mtu wa huko wanakotoka maiti wa mezani. Mama yake alikufa asijue, naye kwa miaka mingi aliendelea kutaja jina la mchuuzi yule kila alipolipa maji.

Daktari wa watoto alisema huenda hakuwa yeye. Sugu ni nyingi duniani. Mwenye nyumba alikubali kuwa huenda. Bingwa wa upasuaji aliitazama mikono yake, asiseme neno.

"Sugu ilikuwa bega gani?" aliuliza mwanamke.

"La kulia."

Aliweka kikombe chini taratibu. Walipogawana viungo siku ile, mwaka 1970, bega la kulia lilikuwa fungu lake.