Matangazo ya Watoto Wanaoteswa: Yatutishe au Yasitutishe?

Katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Uingereza, tangazo la mtoto anayeteswa likitokea kwenye televisheni, rimoti hutafutwa haraka kuliko inavyotafutwa pale watu wanapobusiana kwenye filamu. Mmoja atasema, "Hebu toa hayo mambo, tunakula." Mwingine ataguna na kurudi kwenye simu yake. Swali ninalotaka tulizungumze, wazazi wenzangu na nyinyi wanafunzi mnaoishi mbali na kwenu, ni hili: je, ni haki kuwatisha watu waliokaa sebuleni mwao kwa picha za mtoto anayepigwa? Jibu langu ni ndiyo. Lakini si kila kitisho kinafaa, na kitisho peke yake hakitoshi.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata Tanzania, nikafanya kazi miaka michache katika wodi ya watoto, kisha nikaja huku kusoma shahada. Chuoni, mwalimu wa somo la ulinzi wa watoto alituonyesha tangazo la mwaka 2002 la shirika la NSPCC. Ndani yake baba ni mtu halisi lakini mtoto ni katuni. Baba anampiga na kumtupa, na kila mara mtoto anainuka kama zinavyoinuka katuni zote, huku vicheko vya watazamaji vikisikika. Mwishoni anaangushwa kwenye ngazi. Anayeonekana pale chini si katuni tena, ni mtoto wa kweli, amelala na hatikisiki. Darasa zima lilinyamaza. Mwenzetu mmoja alitoka nje na hakurudi mpaka kipindi kilipokwisha.

Ubishi juu ya picha za namna hii haukuanza na televisheni. Thomas Barnardo, aliyeanza kuwasaidia watoto wa mitaani mashariki ya London katika miaka ya 1860, alisambaza picha za watoto kabla ya kupokelewa na baada yake, ili watu wachange. Mwaka 1877 wasuluhishi walisikiliza mashtaka dhidi yake, na katika jambo hilo la picha walimlaumu kwa kumfanya mtoto aonekane hohehahe kuliko alivyokuwa. Mwaka 2003 shirika linalobeba jina lake lilitoa magazetini picha ya kichanga mwenye mende mdomoni, likizungumzia umaskini wa watoto. Watu wakalalamika, na mamlaka inayosimamia matangazo ikaipiga marufuku. Mwaka 2008 shirika hilohilo likarudi, safari hii kwenye televisheni, na tangazo la msichana anayepigwa na baba yake. Pigo lile linarudiwa na kurudiwa, likichanganywa na picha za dawa za kulevya na jela. Malalamiko yalifika 840, mengi kuliko ya tangazo lolote mwaka ule. Lakini mamlaka ilikataa kulizuia, kwa kuona kwamba uzito wa jambo lenyewe ulihalalisha ukali wa picha.

Naona tofauti ya matangazo hayo mawili iko wazi. Mende anakutia kichefuchefu, halafu basi. Hujui mtoto yule ni nani wala ufanye nini. Tangazo la msichana linakuonyesha kofi la nyumbani linavyotoka na mtoto mpaka mtaani. La kwanza linatumia mwili wa mtoto kukushtua tu. La pili linakueleza jambo.

Wanaopinga nao wana hoja, na mimi sizidharau. Wapo watu wazima waliopigwa au kuingiliwa wakiwa wadogo. Mtu wa namna hiyo amekaa anasubiri taarifa ya habari, ghafla anarudishwa kwenye chumba alichokikimbia miaka 20 iliyopita, bila kuulizwa. Kuna watoto pia. Televisheni za hapa zina mpaka wa saa tatu usiku, kabla yake mambo yasiyowafaa watoto hayaonyeshwi. Lakini mpaka huo hauna nguvu mbele ya mtoto mwenye simu chini ya blanketi. Na kuna mazoea. Kidonda ukikigusa kila siku bila kukitibu, mgonjwa hujifunza kuondoa mguu.

Pamoja na hayo nayatetea, kwa sababu najua ukimya unavyoua. Wengi wenu mmelisikia jina la Victoria Climbié. Wazazi wake kule Ivory Coast walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, aje Ulaya asome. Nani kati yetu hajaona mtoto akikabidhiwa ndugu kwa ahadi hiyohiyo? Alifia London tarehe 25 Februari 2000, akiwa na umri wa miaka 8, na mwilini mwake zilihesabiwa alama 128 za majeraha. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba zilikuwapo nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa. Alifikishwa hospitali mbili, na daktari mmoja alisema alama zile ni upele tu. Kilichonikaa moyoni zaidi ni jambo jingine katika ripoti hiyo. Victoria alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya walezi wake, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliposikia hivyo alidhani ndiyo heshima ya familia za watu weusi. Hofu ya mtoto ikaitwa adabu.

Sisi wenyewe pia huiita hivyo. Eid moja tulialikwa kwa rafiki yetu, watu wazima ndani ya sebule ndogo, watoto wamekaa chini na sahani za biriani. Tangazo likapita. Shemeji wa mwenyeji akasema, "Hao ni watu wasio na dini. Mtoto wako mwenyewe utamfanyaje hivyo?" Wengine wakaitikia. Mtoto wa miaka 6 au 7, aliyekuwa bado anaangalia skrini, akamuuliza mama yake, "Kwani bibi yake yuko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini mtoto yule aliuliza kilichotakiwa kuulizwa. Kwetu, baba akishika bakora, unakimbilia kwa bibi. Bibi anatoka na kanga yake begani, anasimama mlangoni: "Umemaliza? Sasa nipige mimi." Na kama si bibi, ni jirani aliyesikia kilio kupitia ukutani. Huku jirani hujui hata jina lake, na kuta ni nene. Tumesafiri na bakora, bibi tumemwacha nyumbani. Mzazi ametoka zamu ya usiku, kodi inamngoja, mtoto anamjibu kwa Kiingereza asichokielewa vizuri, na hakuna mtu wa kumshika mkono.

Nisimpambe bibi kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Ni katika nchi yenye mabibi na majirani tele. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi hayo si mambo ya wazungu wala ya wasio na dini.

Na hapo ndipo kasoro kubwa ya matangazo haya ninapoiona. Ili kututisha, yanatuonyesha zimwi: baba mlevi, nyumba chafu, mtoto aliyevunjika. Mzazi wa kawaida akitazama anajilinganisha na zimwi lile, anajiona mwema, anaendelea kula. Kazini kwangu mambo hayana sura hiyo mara nyingi. Siri za wagonjwa sizitoi, lakini tunayofundishwa kuangalia si siri. Mtoto anayekimbia kuwa na michubuko kwenye miguu ya mbele ni kawaida. Mchubuko sikioni, shingoni au tumboni unatufanya tuulize. Mchubuko wowote kwa kichanga ambaye hajaanza hata kutambaa unatufanya tuulize sana. Tunaangalia kama maelezo ya mzazi yanabadilika, au kama mtoto humtazama mlezi kwanza kabla ya kujibu jina lake. Wanaomleta huwa watu wa heshima, wamevaa vizuri, wana salamu ndefu.

Kwa kuwa tumefika hapo, niseme jambo moja ambalo hakuna tangazo litakalowaambia. Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya rangi ya buluu au kijivu mgongoni na makalioni. Ni ya kuzaliwa, hayana madhara, lakini asiyeyajua anaweza kuyadhania michubuko. Mhakikishe muuguzi anayewatembelea baada ya kujifungua ameyaandika kwenye kile kitabu chekundu cha mtoto. Mstari mmoja pale unawaepushia maswali mengi.

Sasa, kama kitisho kina kasoro hiyo, kipi kingine kinafaa? Tuangalie Sweden, nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumpiga mtoto hata nyumbani, mwaka 1979. Serikali yao ilipeleka kijitabu cha maelezo majumbani, na habari za sheria hiyo zikachapishwa kwenye paketi za maziwa. Fikirieni hilo. Baba anamimina maziwa asubuhi, mtoto yuko mbele yake, na maneno yako mezani kati yao. Hakuna damu wala ngazi. Paketi ya maziwa haimzungumzii zimwi, inamzungumzia mzazi wa kawaida, yule anayeamini kwa moyo safi kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ndiyo maana nasema vinahitajiwa vyote viwili. Kitisho kimfikie jirani, mwalimu, daktari na muuguzi, kiwakumbushe kwamba upele unaweza usiwe upele. Neno la upole limfikie mzazi. Na tangazo lolote linalomtisha mtu lazima limwachie mlango wa kutokea: namba ya simu, hatua moja anayoweza kuichukua usiku uleule. Likikosa hilo, limetumia maumivu ya mtoto bure.

Baada ya chakula siku ile ya Eid, mama mmoja alinivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ukija kwangu unakuja kama dada au kama muuguzi?" Nilimwambia nakuja kama wote wawili. Alinitazama, akaendelea kusuuza vikombe. Namwelewa. Wengi wanaamini ukitaja jambo tu, ustawi wa jamii watakuja na gari kuchukua watoto. Ukweli ni kwamba kumtenga mtoto na wazazi wake hapa kunahitaji amri ya mahakama. Polisi wanaweza kumweka mahali salama kwa dharura, lakini si zaidi ya saa 72. Kinachoanza kwa kawaida ni maswali, kisha mpango wa kuisaidia familia. Ni kweli pia kwamba sheria si moja kila mahali. Scotland ilizuia kabisa kumpiga mtoto mwaka 2020, Wales mwaka 2022, na England bado inamwachia mzazi utetezi wa adhabu ya kiasi. Mimi kazi yangu inanilazimu kusema ninachokiona, hata kwa Mswahili mwenzangu, hata kama mwaka ujao sitaalikwa biriani. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha mtoto hakilipiki kwa rambirambi.

Nyinyi wanafunzi mnaokaa kwa ndugu, nyinyi ndio majirani waliobaki ndani ya nyumba zetu. Mnasikia kilicho nyuma ya mlango. Si utovu wa adabu kumwambia shangazi au mjomba, "Naomba unipe mtoto nimtoe nje kidogo, wewe pumzika." Pengine umeshaokoa usiku mmoja. Na ukiona jambo limezidi pumziko, piga simu. Hapa Uingereza mtoto mwenyewe anaweza kupiga Childline, 0800 1111, bila malipo, na namba hiyo haionekani kwenye bili. Tanzania na Kenya namba ya kuwasaidia watoto ni 116, nayo ni bure.

Na tangazo likipita tena nyumbani kwako, mtoto yupo na ameshaliona, usimwambie ni mambo ya watu wengine. Mkalishe karibu, umuulize, "Wewe ukipatwa na jambo kama hilo, hata likifanywa na mtu wa humu ndani, ungemwambia nani?" Kisha unyamaze umsikilize. Akikutajia mtu, hakikisha namba ya mtu huyo anaijua kwa moyo. Akikosa wa kumtaja, mtafutieni mtu huyo usiku uleule, kabla hamjalala.