Mipaini ya mzee na vyuo vya Marekani

Jumatatu nina test, lakini kuna jambo la nyumbani limenikosesha usingizi siku mbili, bora niliandike niupumzishe ubongo.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, PCM, na hesabu anazimudu kuliko mimi ninayesoma kompyuta hapa MUST. Anataka sayansi ya kompyuta, na anaitaka Marekani. Sasa kule Igowole katokea wakala mmoja (jina namwachia mwenyewe) anasema akipewa milioni 6 atamtafutia nafasi "chuo kikubwa" na viza ya uhakika. Baba mdogo kashashauri iuzwe mipaini ya mzee, ekari 2, ilipandwa 2016. Wana Mufindi mnaelewa: kwetu shamba la miti ndiyo benki, ndiyo pensheni. Ukiikata ingali myembamba, mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye. Mzee akanipigia: "Wewe ndiye uko chuo, tena unasoma hayo hayo makompyuta. Tuambie."

Basi ikabidi nichimbe. Nilichokikuta ndicho hiki.

Wengi wetu tunachagua chuo kwa kutazama orodha ya vyuo bora. Kwenye kompyuta majina ni yale yale: MIT, Stanford, Carnegie Mellon, Berkeley. Lakini orodha ile haikwambii nani atalipa! Chuo binafsi cha daraja hilo, ukijumlisha ada, bweni, chakula na bima, kinapita dola 80,000 kwa mwaka. Ichukulie dola kwa shilingi 2,500: ni milioni 200. Kwa mwaka mmoja! Miaka minne, milioni 800. Yaani mipaini ya mzee haifikishi hata muhula. Hapo swali la kuuza miti likajijibu lenyewe: binti atapelekwa na chuo chenyewe, au haendi.

Kwa hiyo nikavipanga vyuo kwa mlipaji, siyo kwa jina.

Kuna vile ambavyo havitazami mfuko wako wakati vinakuchagua, hata kama ni mgeni, na ukishapita vinaziba pengo lote ambalo wazazi hawawezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo, na mwaka 2022 wakaongezeka Dartmouth na Bowdoin. Ila mlango ni mwembamba kweli. MIT, waombaji wa nje wanaopata hawafiki 3 kati ya 100.

Kuna vinavyoziba pengo lote pia, lakini uhitaji wako unawekwa kwenye mizani wakati wa kuchagua. Stanford ni mmojawapo, na pia vyuo vidogo ambavyo huku hatuvisikii: Swarthmore, Vassar, Macalester. Usicheke udogo. Macalester ndiko alikomaliza Kofi Annan mwaka 1961, na kompyuta inafundishwa vizuri tu.

Halafu kuna Berea, kule Kentucky, kilichoanzishwa 1855. Pale mwanafunzi halipi ada ya masomo, ila kila mmoja anafanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki. Kompyuta ipo. Wageni wanaowachukua ni wachache.

Fungu la mwisho ndilo linaloumiza. Carnegie Mellon, mkali wa kompyuta kabisa, haitoi msaada wa fedha kwa wageni wa shahada ya kwanza. Vyuo vya umma kama Berkeley, pesa za msaada ni za wenyewe zaidi. Ukiomba huko bila mfadhili, unaomba barua ya kutundika ukutani.

Sasa lile ambalo wakala hakulisema. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza mpya za wanafunzi zimo humo. Maana yake unaweza kudahiliwa, ukalipiwa kila kitu, na bado ukabaki Igowole unatazama ukungu kwenye chai. Matangazo ya namna hiyo hubadilishwa, kwa hiyo angalia kwanza tovuti ya ubalozi, waulize na washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali yao wenyewe. Ila mtu anayekuuzia "viza ya uhakika" katika hali hiyo, anakuuzia nini hasa?

Nikamweleza mzee yote. Akanyamaza kidogo, akasema miti ibaki. Nikadhani yameisha, kumbe kazi ndiyo inaanza.

Tatizo ni kalenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vyuo vya hapa vinaanza karibu na Oktoba. Marekani maombi mengi hufungwa kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari, masomo yaanze Agosti au Septemba inayofuata. Ukitaka kuomba vizuri unakaa nyumbani mwaka mzima, na SAT juu, maana MIT waliirudisha 2022, Harvard na Dartmouth wakafuata 2024. Ukisema uanze shahada hapa huku ukiomba, vyuo vingi vya kule vitakuhesabu kama mtu wa kuhamia, na nafasi za kuhamia ni finyu zaidi.

Ushauri wangu kwake: anza hapa. Omba mkopo wa HESLB, soma shahada ya kwanza, piga GPA ya maana, halafu Marekani uiendee kwenye uzamivu, ambako kwenye kompyuta kawaida chuo hulipa ada na posho ya kuishi juu yake. Tena hao hao Carnegie Mellon wana kampasi Kigali inayofundisha uzamili, na mwaka 2022 Mastercard Foundation iliahidi fedha nyingi, ikiwemo za kufadhili wanafunzi. Kigali Mtanzania haombi viza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kaka, hiyo ni ramani ya mtu anayeogopa kukataliwa. Mwaka mmoja nyumbani nitachuma chai na kusoma. Wakinikataa wote, si nitaanza hapo mwaka unaofuata?"

Nikakosa la kusema, jamani. Mwaka mmoja kwa mtoto wa kike kijijini siyo mwaka mmoja tu: kuna posa, kuna kazi za nyumba, kuna maneno ya watu kwamba kafeli. Lakini pia hesabu yake siyo mbovu. Tumekubaliana kitu kimoja tu: chuo kisichosema wazi kwamba kinamlipia mgeni hakiingii kwenye orodha yake, hata kiwe na jina gani. Mengine ana mpaka Oktoba kuamua, na ataamua mwenyewe.

Haya wadau, nyie mngemwambia nini? Mie narudi kwenye daftari, Jumatatu haina huruma.