Nenda Vermont Wakati wa Tope

Wenyeji wa jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, watakushauri uende kwao Oktoba, majani ya miti yanapogeuka mekundu. Usiwasikilize. Nenda Aprili, katika msimu ambao wenyewe wanauita wa tope: theluji imeyeyuka, ardhi ya chini ingali imeganda, na maji yamekosa pa kupita. Zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hilo hazina lami. Vaa gambuti, kisha shuka Intervale.

Intervale ni bonde la mto Winooski, ndani ya mji wa Burlington. Ukishuka unapita kituo cha McNeil, kinachozalisha umeme kwa kuchoma kuni. Waabenaki walilima bonde hili kabla Wazungu hawajafika, lakini kufikia miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ilikuwa jaa la magari mabovu na matairi. Mwaka 1988 Will Raap, mfanyabiashara wa vifaa vya bustani, alianzisha kituo cha kulirudisha kwenye kilimo. Leo kuna mashamba kadhaa, na mojawapo ni mali ya walaji wenyewe kwa njia ya ushirika. Mwanachama hulipia mboga za msimu kabla hazijavunwa, hivyo mkulima anapata fedha za mbegu bila kupiga magoti benki. Mwaka ukiwa mbaya, hasara ni ya wote.

Aprili ukitazama shamba kutoka barabarani utadhani watu wamelala. Ingia kwenye kitalu nyumba: utavua koti mlangoni. Vitunguu na liki vilisiwa nje kukiwa bado na theluji, na sasa vimesimama kwenye trei, vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Nyanya zinasubiri. Jalidi inaweza kurudi usiku mmoja katikati ya Mei na kuua kila kilichowahishwa nje, kwa hiyo mkulima wa huku huhesabu usiku kuliko mchana.

Kazi inayowavuta watu wa kujitolea majira haya ni ya miti. Kituo alichoanzisha Raap kina kitalu cha miti ya asili, na miche yake hupandwa kandokando ya mito ikiwa na mizizi mitupu, bila udongo, kabla macho ya matawi hayajafunguka. Kazi yenyewe haina siri: chimba, tandaza mizizi isijikunje, fukia, kanyaga. Mgongo utakuuma, nami sijui njia bora zaidi ya kulijua bonde. Mizizi ile hushika kingo na kupunguza kasi ya mafuriko, na mafuriko hapa si hadithi. Julai 2023 Winooski uliyafunika mashamba mazao yakiwa yamestawi, na mboga iliyoguswa na maji ya namna hiyo haiuzwi. Julai 2024, tarehe zilezile za 10 na 11, mvua kubwa ikayarudisha maji. Wakulima walipanda tena. Rutuba ya bonde nayo imeletwa na mto huohuo.

Jirani na hapo, kwenye ardhi aliyoishi Ethan Allen, kiongozi wa wanamgambo walioiteka ngome ya Ticonderoga mwaka 1775, wakimbizi wamepewa viwanja vya kulima. Wamo Warundi na Wakongo, na Kiswahili kinasikika. Kiangazi utakuta lengalenga, nyanya chungu na mahindi meupe. Mpiganaji yule sidhani kama aliwahi kuonja hiyo nyanya chungu.

Usiondoke bila kula. Usiku wa baridi kali ukifuatwa na mchana wa vuguvugu, utomvu wa mti wa mepoli hutiririka. Lita 40 hivi huchemshwa hadi ibaki moja, na utamu wake hauna mpinzani. Kuelekea Mei, makangaga ya kingo za mto hutoa machipukizi yaliyojikunja. Yachemshe vizuri, maana mabichi yanaumiza tumbo.

Kama una ndugu Burlington, mwambie akuandikishe mapema kwa siku ya kupanda miti. Macho yakishafunguka, msimu huu wa kupanda miche ya mizizi mitupu umekwisha.